Dawa ndani ya sukuma wiki: maswali kuhusu mboga za majitaka

Dawa za hospitali zinafikaje kwenye mboga?

Kupitia chooni. Sehemu ya dawa tunazomeza hutoka na mkojo ikiwa vilevile, na mitambo ya kusafisha majitaka haikujengwa kuiondoa. Watafiti waliopima maji ya Mto Nairobi wamekuta paracetamol, sulfamethoxazole iliyomo kwenye Septrin, hata ARV. Kule Maili Saba, mashariki mwa jiji la Nairobi, wakulima wamezoea kuelekeza majitaka ghafi shambani. Tusiwalaumu upesi: kiangazi maji mengine hayapatikani, na hayo yana rutuba ya bure.

Nikiziosha vizuri je?

Osha, tena kwa maji safi yanayotiririka, maana mayai ya minyoo na vijidudu vingi huondoka. Ila dawa iliyoingia ndani ya jani haioshwi. Mizizi huifyonza pamoja na maji. Maji yakifika kwenye jani hutoka kama mvuke, dawa ikabaki. Ndiyo maana majani hubeba nyingi kuliko nyanya. Metali zenye sumu za viwandani, kama risasi (lead) na kadimi, nazo haziondoki kwa kuchemsha. Wala usidanganywe na jani pana la kijani kibichi: hiyo ni rutuba ya naitrojeni tu.

Kweli inafika mwilini?

Inafika. Mwaka 2016 watafiti wa Israeli, nchi inayomwagilia sana kwa majitaka yaliyosafishwa, walichapisha jaribio la watu wazima 34. Waliokula mboga na matunda ya maji hayo kwa wiki moja, mkojo wao ulionyesha carbamazepine, dawa ya kifafa. Walipohamia mboga za maji safi, ikapungua. Kiasi chenyewe kilikuwa kidogo mno kuliko cha mgonjwa anayemeza vidonge.

Basi niache mboga?

Hapana! Kukosa mboga kuna madhara tunayoyajua vizuri. Mimi kinachonitia hofu zaidi ni risasi kwa watoto, na bakteria wanaojifunza kuhimili antibiotiki humo majini.

Nifanye nini?

Usiache ARV wala dawa yoyote uliyoandikiwa kwa sababu ya mto. Zilizobaki au kuisha muda usizitupe chooni. Ulizia famasia au kituo cha afya kama wanazipokea. Antibiotiki usinunue bila kupimwa. Mkulima amwagilie shinani, asirushie majani, na asimamishe maji hayo siku kadhaa kabla ya kuvuna. Hilo hupunguza vijidudu. Dawa na metali zitapungua maji yenyewe yakisafishwa, na hiyo ni kazi ya kaunti na viwanda.