Kwa nini hesabu inayomshinda mtoto ubaoni haimshindi kwenye mchezo?

Andika ubaoni 2,000 − 650, kisha mwite mbele mtoto wa darasa la nne asiyejiamini. Anaanzia kulia kama alivyofundishwa: 0 toa 0 ni 0. Halafu 0 toa 5. Haiwezekani, basi anageuza, 5 toa 0, anaandika 5. Kwenye mamia anageuza tena, anaandika 6. Anateremsha 2. Jibu: 2,650. Anarudi kwenye dawati akitazama chini.

Mtoto huyohuyo akiwa Soko la Mwanjelwa, Mbeya, anamsaidia mama yake kuuza maparachichi, mteja akinunua ya 650 na kutoa noti ya 2,000, hawezi kumrudishia chenji ya 2,650. Haitamjia hata akilini. Atampa hamsini na kusema 700, atampa mia tatu na kusema 1,000, kisha atamkabidhi noti ya elfu moja na kusema 2,000. Ametoa 1,350, tena bila kukopa popote.

Je, wajua kwamba jambo hili liliwahi kupimwa? Mwaka 1985 watafiti watatu, Terezinha Carraher, David Carraher na Analúcia Schliemann, walichapisha matokeo ya uchunguzi wao kwa watoto wachuuzi wa mitaani katika jiji la Recife, Brazili. Walijifanya wateja, wakawauliza watoto bei na chenji. Watoto walipata karibu maswali yote, asilimia 98. Baadaye waliwapa hesabu zilezile kwenye karatasi, namba tupu bila nazi wala pesa. Walipata asilimia 37 tu. Mmoja wao, alipoulizwa bei ya nazi 10 kwa 35 kila moja, hakuongeza sifuri mwishoni kama shule inavyofundisha. Alianza na bei ya nazi tatu, 105, ambayo alikuwa ameizoea, akapanda nayo hadi 350.

Watoto wenyewe walikuwa watano tu, lakini mwalimu yeyote wa Iringa au Njombe aliyewahi kumkuta mwanafunzi wake gengeni anajua kinachosemwa hapa. Uwezo upo. Kinachobadilika ni mazingira ambamo unaombwa ujitokeze, na mchezo unafanana na gengeni kuliko ubaoni.

Sababu ya kwanza ni woga. Tunapofanya hesabu tunashikilia namba kadhaa kichwani kwa muda mfupi, na nafasi ya kuzishikilia ni finyu, hata kwa mtu mzima. Mtoto aliyesimama mbele ya wenzake themanini, akihofia kuchekwa au kuchapwa, sehemu ya nafasi hiyo imeshajaa hofu. Akifika kwenye makumi ameshasahau alichokopa. Kwenye mchezo kukosea ni sehemu ya zamu. Anakosea, anapisha, zamu inarudi.

Sababu ya pili, na kwangu ndiyo nzito zaidi, ni kwamba kwenye mchezo namba ina kazi. Mwenye chenji anajua kuwa 2,650 ni upuuzi kwa sababu atapoteza pesa. Ubaoni hakuna kinachopotea isipokuwa alama ya vema, na hiyo anaisubiri kutoka kwa mwalimu. Mchezo humjibu papo hapo.

Ukitaka kuona haya yote kwa pamoja, simama kando ya uwanja wa shule yoyote ya msingi kati ya Uyole na Tukuyu wakati wa mapumziko, uangalie wasichana wakicheza mdako. Kuna kishimo ardhini chenye vijiwe, tuseme 12, na kijiwe kimoja cha kurushia. Mchezaji anakirusha juu, na kabla hakijashuka anakwangua vijiwe kutoka shimoni, kisha anakidaka. Anakirusha tena na kuvirudisha vijiwe shimoni, akibakiza nje kimoja. Akivimaliza vyote, anaingia raundi ya kubakiza viwiliviwili, halafu vitatuvitatu, na kuendelea. Sasa tazama vidole vyake kwenye raundi ya tano. Ametoa vitano, ametoa vitano tena, shimoni vimebaki viwili na raundi haikamiliki sawasawa. Amefanya 12 gawanya kwa 5, jibu 2, baki 2, huku jicho lake likiwa hewani.

Mwalimu akiingiza mchezo huu kwenye kipindi anahitaji kuongeza kitu kimoja tu: kabla ya kurusha, mtoto aseme itachukua mara ngapi kumaliza na vitabaki vingapi. Vijiwe vikiwa 12, raundi ya kwanza, ya pili, ya tatu na ya nne zinaisha bila baki, ya tano haiishi. Badilisha viwe 13 uone mshangao wao: baada ya raundi ya kimoja kimoja, kila raundi inaacha baki mpaka wafike 13 wenyewe. Hapo vigawo na namba tasa vinakuja vyenyewe, na ni rahisi zaidi kuvipa majina baada ya mikono kuvijua.

Hata hivyo, si kila mchezo unafundisha hesabu. Vipindi vingi vya michezo vinaishia kelele na furaha, basi. Mwaka 2008 Robert Siegler na Geetha Ramani nchini Marekani walichapisha jaribio walilolifanya kwa watoto wa chekechea wa familia za kipato cha chini. Kundi moja lilicheza mchezo wa kusogea kwenye visanduku vyenye namba 1 hadi 10 vilivyopangwa kwa mstari. Kundi la pili lilicheza mchezo uleule, ila visanduku vilikuwa na rangi badala ya namba. Baada ya vikao vinne vifupi vya kama robo saa kila kimoja, wa namba walikuwa wamepanda waziwazi katika kujua ukubwa wa namba. Wa rangi walibaki palepale, ingawa nao walicheza vilevile.

Kuna jambo dogo hapo ambalo linafaa sana kwa anayechora nyoka na ngazi kwa kijiti kwenye udongo wa Mafinga. Mtoto akiwa kwenye 5, dadu ikatoa 2, kwa kawaida atasogea akisema "moja, mbili." Mwambie aseme "sita, saba." Siegler na mwenzake Elida Laski walionyesha mwaka 2014 kwamba kuhesabu kwa namna hii ndiko kunakomfanya mtoto aokote namba za ubao. Anayesema "moja, mbili" anaweza kufika mia moja bila kuiona hata namba moja aliyoipita.

Basi kipimo changu ni hiki: je, mtoto anaweza kushinda bila kukokotoa? Kama anaweza, huo ni mchezo mzuri wa mapumziko.

Duka la darasani linafaulu kipimo hicho, mradi chenji itolewe kwa kuhesabu kwa sauti. Noti zikatwe kwenye maboksi, sarafu ziwe vizibo vya soda vilivyoandikwa 50, 100 na 200, bidhaa ziwe vitu vya hapohapo: viazi, maharage kwenye kikopo, ndizi. Darasa la watoto themanini halihitaji duka moja lenye foleni. Liwe na maduka kumi na vikundi vya watoto wanane, na kila baada ya muda muuzaji abadilishwe. Mteja akirudishiwa chenji pungufu na asigundue, duka limeshinda. Bao nalo linafaa kuanzia darasa la tano: mashimo 32, kete 64, na kila zamu mchezaji anakadiria kete ya mwisho itaangukia wapi.

Mvua ikikataa kukatika, na Rungwe hukataa miezi mingi, mnabaki ndani na mchezo wa vigawe. Watoto wanahesabu kwa zamu, na kwenye kila kigawe cha 4 anayefikiwa anapiga kofi badala ya kutaja namba. Mtindo uliozoeleka ni anayekosea kukaa chini, na hapo ndipo mchezo unapoharibika, maana wanaokaa kwanza ndio waliohitaji mazoezi kuliko wote, na wanaobaki ni wale ambao tebo ya nne waliijua tangu zamani. Anayekosea aendelee kusimama. Kikundi chake kipoteze pointi moja, wenzake wamnong'oneze kigawe kinachofuata, na zamu iendelee kuzunguka mpaka imfikie tena.