Korongo la Mai Mahiu si Afrika Inayopasuka

Juma lililopita nilitumiwa tena, safari hii na mtu ninayemheshimu sana, ile picha ya Machi 2018 inayoonyesha barabara ya Mai Mahiu kwenda Narok, nchini Kenya, ikiwa imekatwa na shimo refu, pamoja na maelezo yaleyale kwamba Afrika imeanza kupasuka vipande viwili. Nimechoka kujibu mmoja mmoja.

Kwamba bara linaachana ni kweli, wala sibishani na hilo: bamba la Somalia, yaani kipande kikubwa cha ganda la dunia kilicho upande wa mashariki, linajitenga na bamba la Nubia lililobeba sehemu kubwa ya Afrika, ila kwa milimita chache tu kwa mwaka. Ganda la dunia linapoachia kwa kishindo, matetemeko hayakosekani. Mwaka 2005 kule Afar, Ethiopia, magma, yaani mwamba ulioyeyuka, ilijipenyeza ardhini kwa urefu wa kilomita 60 hivi na kuitanua miamba hadi mita 8 mahali pengine. Julai 2007 tetemeko la kipimo cha 5.9 lilipiga Gelai, karibu na Ziwa Natron, Tanzania, na Septemba volkeno jirani ya Ol Doinyo Lengai ikalipuka. Lakini Mai Mahiu kilichotangulia ni mvua, si tetemeko.

Kinachoniudhi ni kwamba picha yenyewe inajieleza. Sahani ikivunjika, vipande vyake huoana; kuta za shimo lile hazioani hata kidogo, kwa sababu udongo uliokuwa katikati umechukuliwa na maji. Udongo huo ni majivu yaliyorushwa zamani na volkeno za eneo hilo, Longonot na Suswa zikiwemo, ambayo hayakupata kushikamana yakawa mwamba. Chukua bonge lake la ukubwa wa ngumi, ambalo likiwa kavu hukwaruza kiganja, ulitumbukize katika ndoo ya maji: kabla chai yako haijapoa litakuwa tope. Mvua inapopenya, maji huzoa chembe laini chinichini na kuacha mashimo marefu mfano wa mabomba, hadi siku paa la majivu linapoporomoka ghafla, na mtu aliyelala na shamba moja akaamka na mawili. Huo ni mmomonyoko, na kuuita kwa jina lake hakuupunguzii ukali.

Hata hivyo nina shaka moja. Chini ya majivu hayo zimefukiwa nyufa za kweli za Bonde la Ufa, na maji hupenda njia iliyokwisha kufunguliwa. Wapo wenzangu wanaosema kwamba korongo limefuata ufa wa kale, nami siwezi kuwakatalia kwa kutazama juu juu. Ingefaa kuchimba mtaro kukatiza korongo, mpaka kwenye mwamba, ili tuone kama tabaka za upande mmoja zimeshuka kuliko za upande wa pili. Lakini barabara imekwisha kujazwa na magari yanapita, na sijui nitamwelezaje mwenye barabara kwamba nataka kuifukua tena.