Ritifaa si kosa la jina

Nimeombwa tena "kusafisha" majina katika hifadhidata ya Access (programu ya Microsoft), yaani kufuta ritifaa, alama ya ', ili Murang'a iwe Muranga na Nyang'hwale iwe Nyanghwale, kwa sababu fomu ya utafutaji hukwama kwa kosa namba 3075 kila inapokutana na majina hayo. Waombaji huamini kwamba Access haiwezi kuhifadhi alama hiyo. Si kweli. Jedwali huihifadhi bila taabu. Kinachovunjika ni SQL, yaani lugha ya kuiuliza hifadhidata, iliyoungwa vibaya katika msimbo wa fomu.

Msimbo wenyewe huwa hivi: "Eneo = '" & Me!cboEneo & "'", ambapo cboEneo ni kisanduku cha kuchagulia eneo kwenye fomu. Mtumiaji akichagua Kilosa, injini ya hifadhidata hupokea Eneo = 'Kilosa' na kazi huendelea. Akichagua Murang'a, hupokea Eneo = 'Murang'a'. Ritifaa ya kwanza hufungua maandishi na ya pili huyafunga, kwa hiyo kwa injini thamani imekwisha kwenye Murang. Kisha inakuta herufi a imesimama peke yake, bila = wala AND kuiunganisha na kilichotangulia, nayo hulalamika kwamba opereta imekosekana. Malalamiko hayo ni sahihi kabisa, ila yanataja mahali injini iliposhindwa kuelewa, si mahali mwandishi alipokosea. Anayeyafuata neno kwa neno ataongeza AND na mabano mchana kutwa bila kufika popote.

Dawa ya haraka ni Replace(Me!cboEneo, "'", "''"), kwa kuwa ndani ya maandishi ya SQL ritifaa mbili zinazofuatana husomwa kama moja. Kuzungushia thamani alama za nukuu badala ya ritifaa ni kuhamisha tatizo tu: siku atakapokuja mteja wa bomba la 3" (inchi tatu), kosa litarudi. Ninachopendekeza ni kwiri (swali lililohifadhiwa) yenye PARAMETERS pEneo Text(255), yaani nafasi iliyotengewa thamani, ambayo hujazwa kupitia QueryDef, kitu kinachoiwakilisha kwiri katika msimbo. Hapo thamani haiwi sehemu ya SQL hata kidogo, hivyo haiwezi kuivunja, na mtu mwenye nia mbaya hawezi kupenyeza sharti lake. Hata hivyo, sifa ya Filter ya fomu, inayochuja rekodi, na DLookup, fomula ya kutafuta thamani moja, hutaka sharti lililoandikwa kama maandishi, kwa hiyo huko tunarudi kwenye Replace. Sijaridhika na hali hiyo, maana sehemu moja tu ikisahauliwa inatosha kuliamsha kosa.

Tarehe nitazigusa kwa ufupi. Kati ya alama za #, zinazozungushia tarehe katika SQL, Access hutanguliza mwezi, kwa hiyo #05/04/2024# ni tarehe 4 Mei, si 5 Aprili, wala hakuna ujumbe wowote wa kukuonya. Andika #2024-04-05#.

Kufuta ritifaa kuna gharama ambayo waombaji hawaioni: aliyeandikishwa Ng'ang'a kwenye kitambulisho hatalingana tena na kumbukumbu zake za shule au benki. Usafi pekee ninaoukubali ni wa umbo la alama. Majina yaliyonakiliwa kutoka Word mara nyingi huja na ritifaa iliyopinda, na anayetafuta kwa iliyonyooka hupata jibu tupu bila kosa lolote kuonekana. Nakili faili kwanza, kisha endesha UPDATE Wateja SET Eneo = Replace([Eneo], ChrW(8217), "'") WHERE Eneo Is Not Null (ChrW(8217) ndiyo ritifaa iliyopinda), na urudie hivyo kwa kila safuwima ya majina.