Uandishi wa habari hauhitaji digrii, unahitaji stashahada

Tangu Bodi ya Ithibati ya Waandishi wa Habari ya Tanzania, inayotoa ithibati, yaani kibali rasmi cha kufanya kazi hii, ianze kazi mwaka 2025, swali moja halituishi mezani: "Sina digrii, ndiyo basi tena?" Hapana. Kanuni za 2017 za Sheria ya Huduma za Habari zinataka stashahada, yaani diploma. Anayesema sheria inadai digrii hajaisoma, na namwomba aache kuwavunja moyo vijana.

Aliyemaliza kidato cha nne na D nne, masomo ya dini hayahesabiwi, anaanza NTA (ngazi za tuzo za elimu ya ufundi) ngazi ya 4, anapanda ya 5, na ya 6 ndiyo stashahada. Miaka mitatu. Kabla hujalipa hata shilingi ya ada, hakikisha chuo kimesajiliwa na NACTVET, baraza linalosimamia vyuo vya ufundi, na kozi yenyewe inatambuliwa. Cheti cha semina ya siku tano si stashahada, hata kiwe na mihuri mitatu.

Kwenye maombi ya ithibati, nakala ya cheti iwe imethibitishwa kisheria. Jina la kwenye cheti lifanane na la kitambulisho cha NIDA. Likitofautiana hata herufi moja, shughulikia hati ya kiapo mapema, usisubiri maombi yarudishwe. Kitambulisho cha redio unayofanyia kazi si ithibati. Leseni ya TCRA, mamlaka ya mawasiliano, ya maudhui ya mtandaoni nayo si ithibati. Tumelisema hili mara nyingi mno. Kufanya kazi bila ithibati ni kosa la jinai: faini, kifungo au vyote viwili. Kughushi cheti ni kosa jingine, chini ya Kanuni ya Adhabu.

Kipaji hakibishaniwi. Alikuja kaka mmoja wa redio ya jamii, ameshika daftari lililokunjika pembe. Alikuwa amefuatilia mgogoro wa mpaka wa shamba kwenye baraza la kata. Ukurasa wa kushoto maelezo ya mdai, wa kulia ya mdaiwa, majina yote matatu matatu. Mzee mmoja alipogoma kuzungumza, aliandika: "Amekataa kujibu, saa 5:20." Wapo wenye shahada wasioandika hivyo. Hata hivyo nilimrudishia maombi yake, na iliniuma, kwa sababu elimu yake iliishia kidato cha nne.

Nilimwambia aende chuo na daftari lile lile, na mafunzo kwa vitendo ayafanyie kituoni kwake, kwa barua ya chuo na chini ya mhariri. Akauliza, kwa sauti ya chini, kama matokeo yake ya 2009 hayajaisha muda. Matokeo ya kidato cha nne hayaishi muda. Tuliyahesabu pamoja nyuma ya bahasha: Kiswahili C, Uraia D, Historia D, Jiografia D. Yametimia manne.