"Kwangu inafunguka": dhana zinazowaponza watengenezaji gemu

Mashindano ya kutengeneza gemu yakishafungwa, ujumbe ni uleule: "Jaji, mbona umeandika gemu haifunguki? Kwangu inafunguka vizuri tu." Sibishi. Lakini mimi siichezei kwako.

Hakuna dhana inayonichosha kama hii, ya kudhani gemu ikikubali kwenye mashine ya aliyeitengeneza basi kazi imekwisha. Unity, programu ya kutengenezea gemu, ikitengeneza gemu ya Windows hutoa .exe (faili la kuifungulia), UnityPlayer.dll na folda inayoishia na _Data. Mtu ananitumia .exe peke yake, kisha ananuna. Godot, programu nyingine kama hiyo, nayo ina faili la .pck lenye data za gemu, usipolipachika ndani ya .exe, lazima uyatume yote mawili.

"Basi nitatoa ya kivinjari." Vyema, nami ndiyo ninayoipenda, maana mwenye Mac, Linux au Windows wote wataifungua. Ila Windows haitofautishi Picha.png na picha.png, wakati seva nyingi ni za Linux na zinatofautisha, kwa hiyo mhusika wako hatokei. Chrome tangu 2018 huzuia sauti mpaka mchezaji abofye kitu, hivyo weka kitufe cha "Anza". Usipozuia kazi ya kawaida ya vitufe vya mishale, ukurasa wote unateremka mchezaji akiwa katikati ya vita. Halafu kibodi: umepanga W, A, S, D za kutembeza mhusika, jaji yuko Lubumbashi au Bujumbura na kibodi ya Kifaransa, ambako Z imekaa pa W na Q imekaa pa A. Vidole vinajikunja bure. Kwenye JavaScript soma event.code (mahali kitufe kilipo), si event.key (herufi yake), na ukubali mishale pia. Ni dakika tano, jamani.

Pandisha gemu siku ya kwanza, hata kama ni kiboksi kimoja kinachotembea, uifungue kwenye kompyuta ya mtu mwingine. Saa ya mwisho si saa ya kugundua haya.

"Mwenye kura nyingi ndiye mshindi." Hapana. itch.io, tovuti inayoandaa mashindano mengi ya gemu, hutumia wastani wa alama, na hukukata alama ukiwa na kura chache kuliko gemu iliyo katikati ya orodha ya idadi ya kura. Kura nyingi zinakukinga na makato hayo tu. Cheza gemu za wenzako, nao watacheza yako.

"Kutumia picha za watu ni kudanganya." Soma kanuni kwanza. Kwenye mashindano ya Ludum Dare, kundi la Compo ni saa 48, peke yako, kila kitu kipya. Kundi la Jam ni saa 72, kikundi ruksa, na picha usizochora mwenyewe unazitumia ila unajitoa kwenye kipengele cha michoro.

"Gemu ndogo haishindi." js13kGames, mashindano ya gemu za kivinjari yaliyoanza 2012, yanataka zipu isiyozidi kilobaiti 13, picha na sauti zikiwemo, na washindi wanapatikana kila mwaka. Wewe unanitumia megabaiti 900 za mtu anayeruka visanduku.