"Siti ni siti, boliti nne tu": yanayosemwa gerejini kuhusu kuhamisha siti za mbele, na ukweli wake

Nilipoinunua Carina Ti yangu, siti za mbele zilikuwa zimekwisha. Sponji ya upande wa mlangoni ilishaliwa, waya umetokeza kwenye kitambaa, na safari ya Dar hadi Morogoro ilikuwa inaniishia kiunoni. Nikaenda Gerezani, mtaa wa vipuri vya mtumba Dar, nikapata jozi iliyotolewa kwenye Corona ya miaka ileile, kitambaa kisafi kabisa. Muuzaji akaniambia maneno ambayo kila aliyewahi kununua siti za mtumba ameshayasikia: "Siti ni siti, kaka. Boliti nne tu."

Siti zile ziliingia, na mgongo wangu ukapona. Lakini kwa miezi minane mke wangu alikuwa akikalia siti iliyoshikwa na boliti tatu bila sisi kujua. Nitaeleza ilivyokuwa. Kuhamisha siti kutoka gari moja kwenda jingine lililo ndugu yake ni jambo jema, na magari mengi ya zamani yanalikubali bila shida. Tatizo ni maneno yanayozunguka nayo. Mengine ni kweli nusu, na ile nusu nyingine haijitokezi mpaka siku gari linapogonga.

"Jina la gari likiwa moja, siti zinaingiliana"

Jina lisikudanganye. Toyota imeuza gari liitwalo Corolla tangu 1966, na sakafu ya Corolla 100 iliyoanza 1991 si lazima iwe na matundu pale yalipo matundu ya Corolla iliyokuja 2000. Upande wa pili, magari yenye majina tofauti kabisa yanaweza kuwa mapacha chini ya zulia. Mark II, Chaser na Cresta za kizazi cha X100, zilizotengenezwa kuanzia 1996 hadi 2001, ni majina matatu juu ya sakafu moja. Carina na Corona za kizazi cha T210 ni hivyohivyo, na ndiyo maana siti zangu ziliingia. Subaru Forester ya kwanza, ya 1997, ilijengwa juu ya msingi wa Impreza, kwa hiyo wenye Impreza za zamani wamekuwa wakichukua siti huko kwa miaka mingi. Kwa wapenzi wa Volkswagen, Golf II na Golf III ni ndugu wa karibu kwa upande wa reli, vile vyuma ambavyo siti huteleza juu yake; Golf IV imeachana nazo.

Kwa hiyo usiulize "ni ya Corolla?" Uliza kodi ya chesisi, yaani herufi na namba za kulitambulisha, ya gari lililotoa siti: AE100, GX90, AT192. Ipo kwenye kibati ndani ya boneti, nawe unayo kwenye kadi ya gari lako. Kampuni za Japani zinazotengeneza reli za siti za michezo, kama Bride, hupanga orodha zao kwa kodi hizo, upande wa kulia na wa kushoto kila mmoja na namba yake. Magari mawili yakitumia reli ya namba moja, hiyo ni dalili nzuri kwamba matundu ya sakafu yanalingana. Orodha hizo ziko wazi kwa yeyote, na zimeniokoa na safari nyingi za bure.

Baada ya hapo, futi ya kupimia. Pima umbali wa tundu la mbele na la nyuma kwenye kila reli, kisha upana kati ya reli mbili. Halafu tazama kimo cha miguu. Wengi hukosea hapa, kwa sababu mguu wa ndani mara nyingi si sawa na wa nje: upande mmoja unakaa karibu na mgongo wa sakafu wa katikati ya gari, upande wa pili karibu na kizingiti cha mlango. Siti inaweza kukubali matundu yote manne kwa kulazimishwa na bado ikawa imejipinda. Reli iliyojipinda haifungi vizuri meno yake, na siti ambayo meno yake hayajauma huteleza unapokanyaga breki.

Kipimo changu ni kidole. Ingiza boliti zote nne kwa mkono kabla ya kukaza hata moja. Zote zikizunguka kwa vidole mizunguko minne mitano, siti imekubali. Fundi akiomba mtaimbo ili avute mguu ufike kwenye tundu, mwambie aache.

"Ya dereva na ya abiria ni zilezile, unageuza tu"

Hapana. Kifungio cha mkanda, pale ulimi unapoingia na kulia "ka", kinatakiwa kukaa upande wa katikati ya gari. Ukiihamishia siti ya kulia upande wa kushoto, kifungio kinajikuta mlangoni, kwenye upande uleule mkanda unakoshukia kutoka nguzoni. Wapo wanaokihamisha kwa kutoboa tundu jipya kwenye fremu ya siti. Tundu hilo halijapimwa na mtu yeyote.

Jambo hili huwapata zaidi watu wa mipakani. Bujumbura magari huendeshwa upande wa kulia wa barabara, lakini magari ya Japani yenye usukani wa kulia yapo tele pamoja na yale ya usukani wa kushoto. Siti "ya dereva" iliyotoka kwenye gari la usukani wa kushoto, ikifika Kigoma, nafasi yake ni ya abiria. Usiseme dereva wala abiria unapoagiza. Sema kulia au kushoto.

Siti za magari ya milango miwili nazo zina lao. Huinama mbele ili mtu apite kwenda nyuma, na kitasa kinachoshikilia egemeo lisianguke huchakaa. Itikise kwa nguvu kabla ya kulipa.

"Ile plagi ya njano chomoa tu, ukiona taa toa balbu"

Hapa naomba tusimame kidogo, kwa sababu nimesikia ushauri huu kwa watu ninaowaheshimu katika kazi hii.

Plagi ya njano chini ya siti karibu kila mara ni ya mfumo wa usalama: mfuko wa hewa wa ubavuni, eabegi kama tunavyouita, au kifaa cha kuukaza mkanda wakati wa ajali. Volvo ndiyo iliyotangulia kuweka mfuko wa ubavuni, kwenye 850 mwaka 1994, ndani ya egemeo la siti. Kufikia mwisho wa miaka ya 1990 baadhi ya magari ya Japani yalishakuwa nao. Tazama ubavu wa siti upande wa mlango. Ukiona kijibati au maandishi ya SRS, mfuko umo humo.

Kinachofuata ukichomoa: kompyuta ya mfumo huo hupima ukinzani wa kila waya wake kila unapowasha gari. Ikikosa kimoja huwasha taa ya SRS, na kwenye magari mengi hitilafu moja inaweza kuuzima mfumo mzima, pamoja na mfuko wa kwenye usukani ambao hukuugusa. Kutoa balbu kunaficha habari hiyo kwako na kwa atakayelinunua gari baada yako. Wengine huweka rizista ndogo, kipande cha kukinza umeme, kwenye plagi ili kompyuta idhani mfuko upo. Taa inazima kweli. Na siku ya kugongwa ubavuni, kompyuta itaamuru rizista ifunguke.

Njia ya uungwana ni kulinganisha. Gari lako halina mfuko wa siti? Tafuta siti isiyo nao. Gari lako linao? Tafuta siti yenye mfuko wa aina ileile na plagi ileile, na isitoke kwenye gari lililogongwa likafyatua mifuko yake. Kabla ya kugusa plagi yoyote, zima gari na ukate waya hasi wa betri, kisha subiri. Vitabu vya ufundi vya Toyota vinataja angalau sekunde 90, na vya Nissan dakika tatu, kwa sababu mfumo unabaki na umeme wake wa akiba hata betri ikishakatwa. Usipime waya wa mfuko kwa mita ya umeme. Umeme mdogo wa mita unaweza kuufyatua. Na ukishaipata siti yenye mfuko wa ubavuni, usiivalishe kava nzito ya kushonwa inayofunika ubavu wote. Mfuko unahitaji mahali pa kutokea.

"Anayekushika kwenye ajali ni mkanda, siti ni ya kukalia"

Inama uangalie kifungio cha mkanda wako kimefungwa wapi. Kwenye magari mengi ya miaka ya 1990 kimefungwa kwenye reli ya siti yenyewe, ili kisogee nayo mbele na nyuma. Maana yake, mwili wako unaporushwa mbele, sehemu ya uzito huo inapita kwenye kifungio, inaingia kwenye reli, inashuka kwenye boliti na kuishia kwenye sakafu. Siti ni sehemu ya mkanda.

Kanuni za Umoja wa Mataifa za magari zinaonyesha ukubwa wa jambo lenyewe. Kanuni namba 17 inataka siti na vishikizo vyake vistahimili mpunguo wa mwendo wa mara 20 ya nguvu ya uvutano. Siti ya kilo 18 wakati huo huvuta kama mzigo wa kilo 360, kabla hajakaa mtu. Kanuni namba 14, ya sehemu zinazoshikilia mikanda, inataka mkanda wa begani na wa kiunoni ivutwe kwa pamoja, kila mmoja kwa nyutoni 13,500. Hiyo ni kama kuning'iniza zaidi ya tani moja na robo kwenye kila mmoja, na kifungio kikiwa kwenye siti, uzito wa siti mara 20 unaongezwa juu yake.

Sasa fikiria kipande cha bapa kilichochomelewa kwenye reli ili mguu ufikie tundu lisilo lake. Fundi wa kuchomelea anaweza kuwa stadi sana wa mageti, na bado reli za siti ni chuma ambacho joto la weldingi hukibadilisha tabia. Magari ya mashindano, yakiwemo yanayokimbia Safari Rally kule Naivasha, hubadilishwa siti kila siku, lakini kwa masharti: kanuni za FIA, shirikisho la kimataifa la mbio za magari, zinataka sehemu nne za kushikia kwa kila siti, boliti zisizopungua milimita 8, na bamba la chuma la angalau milimita 3 kuisaidia sakafu kila boliti inapopita. Anayetoboa sakafu na kuweka washa tu, ile pete nyembamba ya boliti, hajafanya walichofanya wale.

Na hakikisha ulimi wa mkanda wako ni mwenza wa kifungio kilichokuja na siti. Kuingia hakutoshi. Funga, kisha vuta kwa ghafla mara kadhaa, ukiwa umekaa. Ikibidi, hamisha kifungio cha siti yako ya zamani, kama kinakaa kwenye tundu lilelile na boliti ileile.

"Boliti utapata duka lolote la vifaa"

Hili ndilo lililonipata.

Siku ya kufunga siti zangu, boliti moja ilipotea. Fundi akatuma kijana duka la vifaa vya ujenzi, akarudi na boliti ya milimita 10 inayofanana na nyingine kama ndugu. Lakini boliti za siti za magari ya Japani kwa kawaida zina uzi wa hatua (umbali kutoka jino moja la uzi hadi linalofuata) ya milimita 1.25, na boliti ya milimita 10 ya dukani kwa kawaida ina hatua ya 1.5. Zitaanza pamoja vizuri. Mzunguko wa kwanza, wa pili, kisha zinagoma. Fundi aliitilia nguvu ya spana, ikakata uzi wa nati iliyochomelewa chini ya sakafu, ikasimama pale imeegemea tu. Akafunika zulia.

Miezi minane baadaye siti ya abiria ikaanza kugonga kila nikishika breki. Nikadhani ni reli. Nilipofunua zulia, boliti ile niliitoa kwa vidole viwili.

Niliona na kingine pale chini: kutu. Hapa pwani, kuanzia Tanga hadi Mtwara, na Mombasa na Unguja vilevile, hewa ya chumvi na maji ya mvua yanayopenya kwenye mpira wa mlango hukaa chini ya zulia mwaka mzima. Sakafu inaweza kupendeza juu na kumeguka pembeni mwa nati. Kwa hiyo siti zikishatoka, kabla ya kuweka mpya, inua zulia, kausha, kwaruza kwa bisibisi kuzunguka kila tundu. Bisibisi ikizama, kazi ya siti imesimama na kazi ya bodi imeanza.

Yangu ilikuwa na kutu ya juu tu. Fundi mwingine akausafisha uzi wa nati kwa tapu, chombo cha kuchongea uzi, ya hatua sahihi, akaupima kwa boliti nzima, ukashika. Boliti yenyewe niliifuata Gerezani kwa muuzaji yuleyule. Akavuta kopo kutoka chini ya meza, limejaa boliti za siti za Toyota, akanichagulia moja na kukataa kupokea hela. Nikamwuliza mbona hakunipa zote nane siku ile. Akaniambia wateja huwa hawaziulizi.