Kabla hujatuletea picha za mishipa ya zebrafishi, soma hapa kwanza

Tangu programu za akili mnemba za kuchora mishipa ya damu zianze kupatikana bure, kitengo chetu cha hadubini hapa Uingereza kinapokea maombi mengi, na malalamiko pia, ya watu wanaodhani ukishaipa kompyuta picha ya kiinitete cha zebrafishi (wale samaki wadogo wa maabara) basi kazi imeisha, unakaa unasubiri majibu. Haiko hivyo jamani.

U-Net, ile modeli ya kuchora maumbo kwenye picha iliyotoka Freiburg mwaka 2015 na wengi wenu ndiyo mnayotumia, haijui mshipa ni nini, inaiga tu alichopaka mtu kwa mkono pikseli kwa pikseli, na kama mpakaji alikuwa kachoka, itaiga na uchovu wake. Kesi inayojirudia ni ya wale samaki wa fli1a, waliobadilishwa jeni ili mishipa ing'ae: seli za kuta za mishipa zinang'aa kijani, safi kabisa, ila gegedu za taya nazo zinang'aa, sasa modeli inapaka taya zima kuwa mshipa halafu mtu anatuandikia eti kagundua mishipa mipya kichwani. Hujagundua kitu ndugu yangu, hilo ni taya. Tumia samaki wa kdrl, ambao taya haling'ai, au ifundishe modeli kwamba taya ni kitu kingine.

Halafu hizi alama za Dice, kipimo cha 0 hadi 1 cha jinsi mchoro wa modeli unavyolingana na wa mtu. Mtu anakuja na 0.9 anatamba, ukifungua picha unakuta vile vishipa vyembamba vinavyopanda katikati ya pingili za mwili vimekatika. Pengo la pikseli mbili alama karibu haishuki kabisa, lakini kama unahesabu matawi au urefu, hesabu yote imeshaharibika. Kuna kipimo cha clDice cha 2021 kinachofuata mstari wa katikati ya mshipa, kitumieni. Na slaisi (picha za tabaka moja moja) za kiinitete kimoja msizigawe nusu mafunzoni nusu kwenye majaribio, huko ni kuvujisha mtihani.

Sasa utaratibu. Kwa sheria yetu ya 1986 ya wanyama wa maabara, samaki analindwa kuanzia anapoweza kujilisha mwenyewe, na kwa zebrafishi aliyekaa kwenye nyuzi 28.5 tunahesabu siku 5 tangu yai kurutubishwa. Kuanzia hapo zinahitajika leseni tatu: ya taasisi, ya mradi, na yako wewe binafsi. Ya mradi haizidi miaka 5. Ukiwa na mbili ni sawa na huna, tusibishane hapo, na anayefanya kazi inayohitaji leseni bila kuwa nayo anaweza kufungwa hadi miaka 2, au faini, au vyote pamoja. "Kalikuwa kadogo tu" sio utetezi.

Wengi wanakwama kwenye video za usiku kucha: unaanza kurekodi siku ya 4 jioni, unaenda kulala, asubuhi kiinitete kimeshavuka mpaka wa siku 5 kikiwa chini ya hadubini yetu. Kwa hiyo saa ya kurutubishwa iandikwe kwenye fomu na kwenye jina la faili, bila hiyo buking hatupokei.